Ijumaa za Mama Nakala

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa ndugu zake. Hospitalini aliitwa Mama Nakala, na aliitwa hivyo kwa muda mrefu mpaka mwenyewe, akipiga simu stoo kuomba balbu, alijitambulisha hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kutunza nakala za kila kitu kilichomo kwenye kompyuta za hospitali: picha za eksirei, majibu ya maabara, orodha za dawa, mpaka zamu za walinzi. Seva ikifa, au mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya, wanamkimbilia yeye. Siku ambazo hakuna kilichoharibika hawakumbuki kama yupo. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri watu wanaanza kuulizana kwani huyu mama huwa anafanya nini.

Chumba chake kilibanwa katikati ya chumba cha kufulia na stoo ya magongo. Ukuta wa kulia ulikuwa wa moto kwa sababu ya mashine za kukaushia mashuka. Kushoto kulikuwa na kiyoyozi kikubwa, kilichowekwa kwa ajili ya mitambo wala si kwa ajili yake. Kutwa nzima bega moja linatoka jasho, la pili linaganda. Aliandika barua mara mbili kulalamika, akajibiwa mara moja kwamba suala linashughulikiwa. Mara ya tatu hakuandika tena. Alileta sweta kutoka nyumbani, akalikata mkono wa kulia, akalivaa hivyo miaka yote, na waliocheka walicheka wakachoka.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alianza kama mpiga chapa, enzi za karatasi ya kaboni, na wakubwa walimhamishia kwenye kompyuta kwa sababu moja tu: alikuwa hapotezi kitu. Akili nyingi hana, mwenyewe alisema, ila mpangilio anao. Tepu za zamani za kuhifadhia nakala alizipanga kwenye makabati ya chuma kwa mwaka, mwezi na wiki, kila moja na kibandiko chake, kwa mwandiko ule wa shule ya msingi unaokaa juu ya mstari kwa adabu. Magoti yalikuwa yamechoka, na macho pia. Simu ya kazi, iliyolia kila saa kumwambia nakala hii imekamilika na ile imechelewa, ilimchosha kuliko magoti na macho kwa pamoja. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na alikuwa anaihesabu kwa siku.

Sasa, katika kitengo chao kulikuwa na desturi. Mkuu aliyepita, mzee mkali asiyecheka na mtu kabla ya saa nne, alikuwa akisema kwamba nakala ambayo hujawahi kuifungua ni dua tu. Akaweka sheria. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, mtunzaji achague faili moja, alirudishe kutoka kwenye nakala, alifungue, alitazame kwa macho yake. Kisha aandike kwenye daftari jeusi tarehe, faili gani, limefunguka au limekataa, na mkuu atie sahihi pembeni. Waliita kufufua. "Umeshafufua?" ndiyo ilikuwa salamu ya Ijumaa pale kitengoni, na mgeni akisikia alishtuka kidogo, maana hospitali ni hospitali.

Miaka ya mwanzo Mama Nakala alifufua kwa haki. Leo la maabara, wiki ijayo la wodi ya wazazi, wiki nyingine anashuka mpaka tepu za miaka ya nyuma, anakohoa vumbi, anakaa saa nzima akisubiri mashine isome. Kisha mama yake mzazi akapooza upande mmoja. Wakagawana kumuuguza, yeye na mdogo wake, na Ijumaa kuanzia saa sita ilikuwa zamu yake. Ijumaa moja, roho juu juu kwa haraka, akachagua faili jepesi kuliko yote aliyoyajua: orodha ya mapazia ya wodi, kurasa mbili, iliyoandikwa na mtu wa stoo zamani. Lilifunguka kabla hajakaa vizuri kitini. Akaandika: mapazia, limefunguka, sawa. Ijumaa iliyofuata akafufua mapazia. Na iliyofuata. Mtu mwaminifu huharibika hivyo, polepole, huku anasaini.

Na mjue kwamba hakudanganya. Aliandika "mapazia" kila wiki, wazi, kwa mwandiko unaosomeka. Mkuu mpya alitia sahihi pembeni bila kusoma. Mkaguzi alipokuja alilisifu daftari kwa usafi. Mama yake aliugua miaka minne, akafariki, wakazika. Sababu ikazikwa naye, mazoea yakabaki. Kufikia mwaka huu orodha ile ya mapazia ilikuwa imefufuliwa zaidi ya Ijumaa mia tatu, wakati mapazia yenyewe yalishachanika yakawa vitambaa vya kupigia deki.

Ndipo ikaja programu mpya ya kutunza nakala. Aliyekuja kuifundisha alikuwa mwanamume mnene mpole wa miaka kama arobaini, aliyependa kusema "mkiona kijani, mmelala salama". Mpaka saa sita ya siku ya kwanza walishamwita Bwana Kijani. Jumatatu hiyo aliwakalisha wote wa kitengo mbele ya skrini kubwa akawaonyesha mambo mapya. Programu inatafuta vitu vilivyohifadhiwa mara mbili, inabakiza kimoja. Vitu visivyoguswa miaka mingi inavihamisha yenyewe kwenye hifadhi ya pembeni. Na nakala ikishaandikwa, kwa siku thelathini hakuna mwenye uwezo wa kuifuta.

"Hata mimi?" akauliza Mama Nakala.

"Hata wewe, mama. Hasa wewe. Mwizi akija ataingia kwa kutumia neno lako la siri, si la mfagiaji."

Watu wakacheka. Yeye alitabasamu kwa heshima tu. Miaka ishirini na zaidi ya kutopoteza kitu, na leo anawekewa kufuli kama mtoto anayedokoa sukari.

"Halafu hii hapa ndiyo naipenda mimi," akaendelea Bwana Kijani, na uso ukamng'aa kweli. "Kila siku programu inachagua mafaili yenyewe, popote inapotaka, bila kuambiwa na mtu. Inayarudisha, inayafungua, inalinganisha. Likikataa, inakuonyesha nyekundu."

"Yaani inafufua yenyewe," akasema Mkuu wa kitengo, kijana wa miaka thelathini na nane mwenye shati lililopigwa pasi na simu mbili. "Mama Nakala, pumzika sasa. Umefufua vya kutosha."

Kila mtu akacheka tena, na yeye safari hii hakutabasamu.

Jumanne saa nne asubuhi, Bwana Kijani akiwa ametoka kwenda kunywa chai, kiduara kimoja kwenye skrini ya Mama Nakala kikageuka chekundu. Alidhani ni macho yake. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta, akaivaa tena. Kilikuwa chekundu vilevile. Programu ilikuwa imechukua faili moja kutoka folda ya mionzi ya zamani, ikajaribu kulifungua, ikakuta lina kufuli lisilo na ufunguo. Ikajaribu la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikuwa hivyo.

Folda ile aliijua. Ndani yake kulikuwa na mipango ya matibabu ya wagonjwa mia nne na kumi na wawili, waliotibiwa uvimbe kwa mashine ya kwanza ya mionzi ya hospitali ile. Mpango wa mionzi unaonyesha miale ilipita wapi mwilini, na kila kiungo njiani kilipata kiasi gani. Mashine ilipozeeka na kuondolewa, miaka mitano nyuma, fundi wake aliyafunga mafaili yote kwa neno la siri kama taratibu zilivyotaka, yakanakiliwa. Nakala zilikuwa na uzito uleule kama za asili. Programu ya wakati huo ikasema kazi imekamilika. Mama Nakala akatia sahihi karatasi kwamba nakala zipo salama, na kwa sahihi hiyo kompyuta ya mashine ikatolewa ikasagwe chuma chakavu, neno la siri likiwa ndani yake.

Kompyuta ile ilikaa uani siku kumi na mbili ikisubiri lori. Aliikumbuka vizuri, maana aliwahi kutua kikombe cha chai juu yake akipiga soga na mpishi. Katika siku hizo kumi na mbili ilipita Ijumaa, tena zilipita mbili. Angefungua faili moja tu la mionzi, moja kati ya mia nne na kumi na mawili, angedaiwa neno la siri, angemuita fundi, jambo lingekwisha kwa nusu saa. Alifufua mapazia.

Chini ya kile kiduara chekundu kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Ondoa kwenye majaribio". Kiliwekwa kwa ajili ya mafundi, kwa sababu zao za kifundi. Yeye alisikia viatu vya Bwana Kijani kwenye korido, akakibonyeza. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akajibu ndiyo. Kiduara kikawa kijani, na Bwana Kijani akaingia amebeba vikombe viwili, kimoja chake, kimoja cha mama.

"Mambo yanaendaje, mama?"

"Salama tu, mwanangu."

Chai ile hakuinywa. Jioni nyumbani mumewe, mstaafu anayeshinda sebuleni akitengeneza redio za majirani, alimtazama akichezea chakula kwenye sahani. "Leo umekuja na mwili tu," akasema. "Roho umeiacha wapi?" Akamjibu amechoka. Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli mumewe hakuuliza tena. Neno "nimechoka" lilikuwa limemfunikia mambo mengi mle ndani ya nyumba kwa miaka mingi. Akalala akijiambia kwamba wagonjwa wale wa zamani waliopona walishapona, na waliokufa walishakufa. Nani atakuja kuulizia mpango wa miaka tisa nyuma?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Alhamisi saa tatu asubuhi simu ya mezani ikalia. Alikuwa Mpimaji, mama wa idara ya mionzi anayepiga hesabu za miale, rafiki yake wa kunywa naye chai tangu wote wawili wakiwa na viuno.

"Dada, nina mgonjwa wetu wa zamani hapa. Fundi cherehani. Tulimtibu kwa ile mashine ya kwanza, sasa uvimbe umerudi, tena pabaya, jirani kabisa na pale pa mwanzo. Daktari anataka ule mpango wa zamani kabla hajaamua. Nirudishie, basi. Namba yake nakutumia."

"Unauhitaji lini?"

"Leo. Uti wa mgongo ulipata kiasi gani, ndicho anachotaka kujua. Bila hilo hatugusi."

Akasema sawa. Akaweka simu. Akakaa akitazama ukuta wa makabati. Kisha akafanya alichopaswa kufanya miaka mitano nyuma: akalitafuta faili la yule fundi cherehani, akalirudisha kutoka kwenye nakala mpya, likadai neno la siri. Akalirudisha kutoka nakala ya zamani. Akapiga magoti sakafuni kuitafuta tepu yenyewe kwenye kabati la tatu, akaitoa, na kusimama ikamgharimu dakika nzima. Tepu ilisoma vizuri mno. Haikuwa na mkwaruzo. Kila alichokitunza kilikuwa kizima, na hakikufunguka.

Namba ya fundi wa ile mashine aliipata kwa mtu wa tatu. Siku hizi alikuwa mji mwingine, anauza pampu za maji. Alikuwa muungwana, alimkumbuka. "Neno la siri?" akasema. "Mama, lile sikulitunga mimi. Mashine ilijitungia yenyewe, refu kama treni. Sikuwahi kuliona. Kwani hamkuichukua nakala ya ufunguo kabla ya kuitoa ile kompyuta?" Akamshukuru, akakata, akampigia Mpimaji akasema tu kwamba faili halifunguki.

Saa saba mchana waliitwa wote kwenye ofisi ya Mkuu. Mpimaji alikuwepo, na daktari wa mionzi, mwanamke mrefu ambaye hakukaa. Bwana Kijani alisimama karibu na mlango. Mkuu alikuwa ameshafika kwenye jibu kabla ya swali.

"Programu imeingia Jumatatu," akasema. "Leo Alhamisi faili halifunguki. Hapa hakuna haja ya kwenda kwa mganga. Miaka yote mama huyu anatunza, hakijawahi kupotea kitu. Ni hii programu."

"Programu haiwezi kuweka kufuli lake kwenye..." akaanza Bwana Kijani.

"Haiwezi, haiwezi. Mnatuuzia, ikiharibika haiwezi."

Bwana Kijani akatoa kitambaa akajifuta mdomo wa juu. Mkononi alikuwa na kompyuta yake, imefungwa. Ndani yake kulikuwa na orodha ya kila kitufe kilichobonyezwa wiki ile na jina la aliyekibonyeza. Mama Nakala hakujua kama ameisoma. Alichokiona ni mtu mzima amesimama kama mwanafunzi aliyesingiziwa, na wote mle ndani wameridhika. Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Miezi mitano. Watu wote wanamwamini. Na alikuwa amechoka, jamani, amechoka kiasi kwamba hata kuufungua mdomo ilikuwa kazi.

"Mwacheni," akasema. "Ni mimi."

Akawaeleza. Hakulia na hakupamba. Alisema juu ya kufuli, kompyuta uani, karatasi aliyoisaini. Alisema kuhusu kitufe cha Jumanne, na hapo Bwana Kijani akainamisha kichwa, ndipo Mama Nakala akajua kwamba mwenzake alikuwa ameshaisoma ile orodha na alikuwa amenyamaza kwa ajili yake. Hilo lilimuuma kuliko yote. Mwisho akasema kuhusu mapazia.

"Mapazia gani?" akauliza daktari.

Mkuu alivuta daftari jeusi kutoka kwenye rafu. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Mapazia. Mapazia. Mapazia. Na pembeni ya kila pazia ilikuwepo sahihi yake yeye, yenye mkia mrefu aliokuwa akijivunia. Alifunua kurasa nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipolifunga daftari, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama, umebakiza miezi mitano. Tuandike kwamba tepu zilichakaa. Ni kitu cha kawaida, tepu huchakaa."

"Tepu ni nzima. Nimezisoma leo," akasema. "Tuliochakaa ni sisi. Andika ilivyokuwa, na mimi nitasaini."

Daktari hakuwa na muda na hayo. Alimuuliza Mpimaji kama kuna njia nyingine. Mpimaji akasema wagonjwa wa enzi ile walipewa karatasi ya njano siku ya kuruhusiwa, yenye namba chache. Kwa aliyeitunza, mtu anaweza kupiga hesabu ya kukaribia. Huyu fundi cherehani ameulizwa, hana. "Basi itabidi nichukulie kwamba uti wa mgongo ulishapata kiasi chote unachoweza kuvumilia," akasema daktari. "Nitampa mionzi kidogo, ya kupunguza maumivu. Ya kuuondoa uvimbe siwezi. Nikikosea, miguu yake inakufa. Nakwenda kumwambia."

"Naomba nitangulie," akasema Mama Nakala. "Ya ugonjwa utamwambia wewe. Hii ya mafaili nimwambie mimi."

"Si kazi yako, dada," Mpimaji akamnong'oneza.

"Najua. Iliyokuwa kazi yangu sikuifanya."

Daktari alimtazama, akatikisa kichwa kukubali.

Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi la korido, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkononi ana sketi ya mteja anayoipiga upindo ili foleni isimle. Pini tatu zilikuwa zimechomekwa kwenye kola. Alimsogezea nafasi kabla hajaombwa.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye wa mashine?"

"Marahaba. Mimi ni wa nakala. Yale mambo yako ya miaka ile, ya kwenye kompyuta, niliyekuwa nayatunza ni mimi."

"Ahaa. Mmeyaona?"

"Yapo, ila hayafunguki. Yamefungwa, na ufunguo wake ulitupwa. Nilitakiwa kuyakagua wakati ufunguo ulikuwa bado upo. Sikuyakagua."

Sindano ikasimama. Korido ilikuwa na kelele zake, kitoroli cha dawa, mtoto analia kwa mbali. Fundi cherehani akauma uzi, akaukata kwa meno, akaikunja sketi magotini taratibu.

"Sasa mimi inakuwaje?"

"Daktari anakuja kukueleza, yeye ndiye anayejua. Atakupa ya kutuliza maumivu. Ile kubwa anaogopa, kwa sababu hajui mwanzo ulipata kiasi gani."

"Na mngekuwa mnajua?"

"Labda ingewezekana. Labda hata hivyo isingewezekana. Lakini usingekuwa unaambiwa labda."

Mama Nakala alibaki benchini, ingawa kila kiungo chake kilitaka kuondoka pale.

"Ulikuwa na nini wakati huo?" akauliza fundi cherehani.

"Nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Mama yangu."

"Kila mtu ana mgonjwa nyumbani."

Hakusema kwa hasira, na Mama Nakala akatamani angesema kwa hasira. Aliitikia tu kwa kichwa. Kisha yule mwanamke akauliza wako wangapi kwenye hilo kufuli, akaambiwa mia nne na kumi na wawili. Akauliza kama wenzake wanajua, akaambiwa bado.

"Ile karatasi ya njano mliniuliza," akasema. "Mimi ilinyeshewa, paa lilivuja. Nikaitupa bila wasiwasi, nikasema wao si wanayo. Unasikia? Nikasema wao wanayo. Na wenzangu ndivyo wanavyosema. Kuna mtu leo hii anasafisha kabati. Wapigie."

Hapo daktari akatokea mwisho wa korido na Mama Nakala akasimama kumpisha. Fundi cherehani alimshika mkono, akamzuia kidogo, akachomoa pini moja iliyokuwa imeng'ang'ania kwenye sufi ya sweta lake. Akairudisha kolani kwake na kugeuka kumsikiliza daktari.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, Mpimaji alimletea orodha ya majina na namba za simu, na ruhusa ya daktari imeandikwa juu. Mkuu alipita mlangoni akasema barua ya maelezo itafika wiki ijayo, na kwamba simu hizi zingeweza kusubiri kikao. Mama Nakala akamwambia kikao kikikaa watamkuta huku anapiga. Mkuu alisimama kidogo, akamletea simu yake moja kati ya zile mbili, maana ya mezani ilikuwa haitoki nje vizuri, akaondoka.

Namba ya kwanza haikuwa ikitumika tena. Ya pili ilipokelewa na mwanamke aliyesema huyo alikuwa mume wake, na amefariki mwaka juzi. Mama Nakala akampa pole, akaomba radhi kwa kumsumbua, akapiga mstari kwenye orodha kwa rula. Ilikuwa saa mbili na nusu na alikuwa amechoka kama mtu wa saa kumi. Akabonyeza ya tatu. Iliita sana, akawa anataka kukata.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ya mwanamume mtu mzima.

Akataja jina la hospitali, akataja idara ya mionzi.

"Hospitali?" Kisha sauti ikageuka pembeni, ikapanda. "Mama watoto, njoo usikie. Ni wale wa mionzi. Miaka yote hii, wamenikumbuka." Kiti kikaburutwa. Sauti ya mwanamke ikauliza kwa mbali, wanasemaje? Na mwanamume akamjibu kwamba wanataka kujua kama ni mzima. Akarudi kwenye simu. Akasema ni mzima, mzima kabisa, analima bustani yake mwenyewe, ameshaona wajukuu wawili. Akasema kila akipita nje ya lile geti huwa anawaambia watu, mle ndani wananijua mimi mpaka mifupa.

Mama Nakala alimwacha amalize, hakumkatisha. Alipomaliza kabisa, na mkewe amekaa karibu anasikiliza, akamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyekuwa nakutunzia mafaili yako," na akaanza kumweleza.